Wimbo wa Kufungua Mikono

Mutambo aliinuka kwenye benchi ya wasemaji, akafunga kifungo cha koti lake la kahawia, akavuka chumba polepole kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake, akaketi kwenye kigoda cha mashahidi. Nyuma yake ilibaki benchi ndefu, tupu, na mimi mwishoni mwake: mjane wa mji wa Baraka, mkamua mawese, ambaye sikuwahi kusema mbele ya watu wengi kuliko wale wanaotosha jikoni.

"Basi," Jaji Albert akasema, "Mama Félicité amebaki bila musemaji. Nani atamusemea?"

Watu walikuwa wamebanana madirishani, wengine wamebeba watoto mabegani ili nao waone. Kwenye benchi ya upande wa pili shemeji yangu Anatole alikunja mikono kifuani. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniinua.

"Mi mwenyewe," nikasema.

Hiyo ilikuwa kwenye mahakama ya Fizi, mwaka wa hamsini na sita. Wengine wakisimulia habari za siku ile huanzia kwenye hukumu. Mimi huanzia kwenye zile hatua za Roger Mutambo kutoka benchi hadi kigoda, kwa sababu mpaka leo simjui mtu mwingine aliyenisaidia kwa kuniacha.

*

Alikuwa mshairi kabla hajawa kitu kingine chochote. Alizaliwa ng'ambo, Ubwari, kwenye rasi ile iliyojinyoosha ziwani kama mtu aliyelala ubavu, na nyimbo zake zilivuka maji kabla yake. Wapiga kasia walifika Baraka na samaki na wimbo mpya. Wanawake wa sokoni waliubeba pamoja na ndagala zao, dagaa wa ziwani, na muda si muda ungeusikia Lulimba kwa wachimba dhahabu, nao wakikuapia kwamba wameutunga wao.

Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni alipotunga ule wa pamba. Enzi zile za ukoloni kila mwanamume alilazimishwa kulima pamba, na moniteri wa kilimo alipita akikagua mistari kwa fimbo. Mutambo aliimba hivi:

*Pamba, mwanangu mweupe usiyenyonya,*
*nakubeba mgongoni hadi Baraka;*
*tukifika kwenye mizani*
*unajifanya hunijui.*

Watu waliuimba wakivuna. Waliuimba moniteri akipita, kwa sauti tamu, huku wakimwamkia kwa heshima. Haikuchukua muda Mutambo akapelekwa gerezani Uvira. Huko, kwa vile mwandiko wake ulikuwa mzuri, karani wa tribinali, ndiyo mahakama, alimtoa kila asubuhi akamnakilie hukumu na amri za serikali. Alinakili, na alichonakili hakikumtoka tena. Aliingia gerezani na wimbo mmoja, akatoka na sheria kichwani.

Avoka kamili, wakili wa kusomea, hakuwa. Wakati ule hakuna mtu wetu aliyevikwa lile joho jeusi. Lakini kwenye tribinali za wenyeji mtu aliweza kuja na msemaji wake, na baada ya miaka michache hapakuwa na kesi ya shamba, ya mahari wala ya nyavu ambayo watu hawakuuliza kwanza: Mutambo yuko? Wakamwita avoka hivyo hivyo. Vijana waliosoma walimtania, "Avoka gani anaimba?" Wavuvi nao walimtania, "Muimbaji gani anavaa koti kwa hili joto?" Wote aliwapa jibu moja.

"Mi niko na kinywa kimoja tu. Nikigawe namna gani?"

*

Mume wangu Henri alichukuliwa na homa, binti yetu Félicité akiwa bado ananyonya.

Katika ukoo wake, siku ya kuzika huimbwa wimbo wa kufungua mikono. Mwimbaji husimama miguuni pa maiti na kumwomba afungue mikono, asije akaenda na cha mtu. Vitu vyake hutajwa, kimoja kimoja, na kila kitu hutajiwa mwenyewe. Ndugu wa marehemu ndiye huitikia: "Tumekipokea," na kupiga mguu chini. Akinyamaza, wimbo husimama hapo hapo. Maiti inangoja, wazee wanakwenda pembeni, na hakuna mstari mwingine mpaka neno lipatikane. Mjane yeye hukaa amefunikwa kitambaa. Haimbi, haitikii, halii kwa sauti. Kazi yake ni kusikia.

Siku ya Henri aliimba Mutambo. Mimi chini ya kitambaa changu niliona vumbi na miguu ya watu. Nikasikia sauti ile, iliyokuwa kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua, ikifika kwenye michikichi yangu:

*Henri, fungua mkono, kuna udongo kwenye kucha.*
*Udongo huo si wako.*
*Émilienne alichimba, wewe ulimkinga jua;*
*michikichi ya mtoni ni ya mikono iliyoipanda.*

"Tumeipokea," Anatole akaitikia, sauti yake nzito imepasuka kwa kilio.

Na ilikuwa kweli. Niliipanda mwenyewe, nikiwa na mimba ya Félicité. Henri, aliyekuwa ametoka ziwani na usingizi machoni, alisimama na jani la mgomba juu ya kichwa changu akinisimulia umbea wa sokoni, na nilipocheka sana alinikataza, eti nitamzaa mtoto palepale kwenye shimo. Siku ya mazishi michikichi ile ilikuwa bado midogo, majani tu. Hakuna aliyeitamani.

Kisha ikazaa.

Mkungu wa kwanza ulipoiva, mwekundu hata ukaonekana toka barabarani, Anatole alikuja kwangu. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na samaki wamefungwa kwa ukili.

"Shemeki," akasema, "ile miti iko kwenye udongo ya kaka yangu. Ya kaka ni yangu, unajua. Na we pia haifai ukae peke yako. Njo ukae kwangu. Bibi zangu habatakusumbua."

Aliona anatenda wema. Nilimshukuru kwa samaki, na alipoondoka sikuweza kuwapika. Nikikubali, ningekuwa mke wa tatu wa mtu niliyezoea kumwita shemeji. Nikikataa, bila michikichi sina cha kutulisha. Ningerudi Lulimba kwa baba yangu, na Félicité angebaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Kati yangu na barabara hiyo ya Lulimba ilisimama ile miti tu.

*

Nilimkuta Mutambo nje ya nyumba yake, Baraka, anaparua samaki, mikebuka ya ziwani. Magamba yalikuwa yamemrukia hadi kwenye nyusi.

"Kaa, Mama Félicité. Sema. Mikono ndiyo inafanya kazi, masikio iko bure."

Nilisema. Nilipomaliza, alimgeuza samaki upande wa pili.

"Ulikuwaka chini ya kitambaa," akasema. "Wimbo unaukumbuka?"

"Wote."

"Wote, ao vipande vizuri tu?"

"Baba Mutambo, muntu amefunikwa kichwa, iko na kazi gani ingine?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akajifuta mikono na kunitazama kama mtu anayepima kina cha maji kwa kasia.

"Twende Fizi," akasema. "Lakini sikiliza. Ukiulizwa neno mbele ya jaji, usimwambie kwamba unaumia. Kila muntu anayeingia mule anaumia. Hata jaji, viatu vinamubana. Na kama siku moja utapaswa kuuliza we mwenyewe, uliza kidogo. Swali fupi. Ngoja jibu. Jibu likija, ndiyo uende mbele. Hakuna mstari wa pili kama wa kwanza haujaitikiwa."

Nilidhani ananifundisha tu kwa mazoea ya ualimu.

*

Tulipanda Fizi juu ya lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupakua pamba. Ziwa lilibaki chini, likazidi kuwa dogo na la buluu kila tulipozunguka kona, na Ubwari ikajitokeza nzima ng'ambo yake. Mutambo alivua kofia na kuipungia rasi yake, bila haya, mtu mzima.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mutambo alieleza habari za kilio, akasema kwamba wimbo uliitaja michikichi, akataka Anatole aulizwe kama aliitikia au hakuitikia. Ndipo Anatole akasimama. Watu husahau jambo hili wakisimulia: shemeji yangu hakuwa mjinga.

"Bwana jaji, samahani. Ile wimbo nani aliimbaka? Si yeye? Leo anasema, kesho anashuhudia ile alisema. Avoka na shahidi, muntu moja. Mi nitashindana na bantu babili ndani ya koti moja?"

Chumba kilicheka. Jaji Albert hakucheka. Alikuwa mwenyeji wa milima hii, mtu mfupi mwenye macho ya kuchoka, aliyesikiliza kesi za ukoo tangu ujana wake.

"Anasema haki," akasema. "Mutambo, kaa ni musemaji wa huyu mama, na ule wimbo tuusahau, ao kaa pale, ni mwenye wimbo, na mama atajitafutia musemaji. Chagua."

Mutambo akibaki kuwa wakili wangu, wimbo haukuwepo, na bila wimbo sikuwa na kitu. Akiwa shahidi, wimbo ungekuwepo na yeye asingekuwepo. Miaka yote watu walikuwa wakimwuliza kama ni mshairi au mtu wa sheria, naye akiwajibu kwa mzaha. Sasa aliulizwa na aliyehitaji jibu.

Alivuka chumba. Hayo nimeshayasema.

"Ulimuimbia marehemu Henri?" jaji akamwuliza.

"Nilimuimbia."

"Tuimbie hapa, tusikie."

Wazee waliokaa mbele waliguna. Mama mmoja alimwinua mjukuu wake na kuelekea mlangoni.

"Hapana, bwana jaji," Mutambo akasema taratibu. "Wimbo ule hauimbwi pasipo maiti. Itakuwa kuita kifo ndani ya hii nyumba. Na aliyeuimba haurudishi kinywani, hata kwa kusema tu. Munajua."

"Najua," jaji akasema, na akapumua. "Sasa tribinali itasikia nini?"

Nilikuwa bado nimesimama. Kichwa kilikuwa kitulivu ajabu, kama uso wa ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka.

"Bwana jaji," nikasema, "mi sikuuimbaka. Mjane haimbi. Kinywa changu hakijaugusa ule wimbo. Naweza kuyasema maneno yake, bila sauti ya kuimba."

Jaji aliwageukia wazee. Walinong'onezana. Mwishowe mmoja wao, aliyekuwa na mkongojo magotini, akatikisa kichwa kukubali. "Hapo hakuna mwiko," akasema.

Nikayasema. Niliyasema kavu, kama mtu anayetaja njia kwa mgeni: nyavu, jembe, mbuzi, na vyote hadi michikichi. Nilipofika kwenye udongo wa kucha sikusimama, nikapita. Kisha nikamgeukia Anatole.

"Shemeki. Kwenye nyavu, uliitikia nini?"

"Tumezipokea."

Nikangoja. Nikaenda mbele.

"Kwenye jembe?"

"Tumelipokea."

"Kwenye michikichi?"

Alikuna shingo. "Tumeipokea. Bote balisikia, siwezi kukatala." Kisha akawageukia watu, akafungua mikono. "Lakini bandugu, munamujua Mutambo? Ule muntu akiimba, kinywa inajibu yenyewe. Mi nilikuwa nalilia kaka yangu. Angeimba kama mi ni mbuzi, ningeitikia tumemupokea."

Kicheko kilipasuka hadi nje. Karani aliangusha kalamu. Hata jaji alijifunika mdomo kwa kiganja, na nilihisi kesi yangu inanitoka pamoja na kicheko kile, kama maji yanayotoka kwenye kapu. Wamekubali kwamba nilisema kweli, na ile kweli sasa haina uzito. Ni wimbo tu. Nani amewahi kufungwa na wimbo?

Nilimtazama Mutambo. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, midomo imefungwa, macho yakiwa chini. Nilikuwa nimekaa kwenye vilio vingi, nikaijua namna ile ya kuinamisha kichwa. Hivyo ndivyo mwimbaji akaavyo akishautupa mstari wake. Anangoja.

Nami nikatazama alikokuwa akitazama. Alikuwa anatazama miguu ya Anatole.

"Shemeki," nikasema, kicheko kikiwa hakijaisha, "na mtumbwi?"

"Mtumbwi gani?"

"Ya Henri. Mutambo aliimba kama ni ya muyomba wenu Eugène, aliyeichonga. Uliitikia nini?"

Madirishani watu walianza kunyamazishana.

"Nilikuwa nimefunikwa kichwa," nikasema. "Niliona miguu yako tu. Kwenye nyavu ilipiga chini. Kwenye jembe ilipiga chini. Kwenye mtumbwi haikupiga. Wimbo ukasimama. Henri akangoja pale juani, wazee bakaenda pembeni, na walipotoka kule mtumbwi ikawa yako. Mpaka leo unaivulia. Ninasema uongo?"

"Hapana," akasema polepole.

"Wimbo ukaanza tena. Kitu gani kilifuata nyuma ya mtumbwi?"

Alinitazama. Hasira sikuiona machoni mwake. Niliona kitu kama mtu anayemtambua ndugu aliyempita njiani bila kumsalimu.

"Michikichi," akasema.

"Na mguu wako?"

"Ulipiga."

Nikaketi. Nilitaka kusema zaidi, kwamba siku ile kinywa chake kilijua kunyamaza, kwamba aliyenyamaza kwa mtumbwi aliweza kunyamaza kwa miti. Lakini kila mtu mle ndani alikuwa tayari anayasema moyoni, na niliona haya kuwanyang'anya.

*

Jaji na wazee wake walitoka, wakarudi kabla jua halijasogea dirishani. Jaji Albert alisoma majina yetu, kisha akaiweka karatasi chini na kusema yaliyobaki kwa kinywa.

"Aliyepanda ndiye mwenye mti. Ukoo ulilipokea neno hilo mbele ya maiti, kwa kinywa kilichokuwa macho. Michikichi ni ya Émilienne. Atakaa pale ilipo, na mutoto wake, na hakuna atakayemuhamisha."

Wanawake wa Baraka waliokuwa wamekuja na lori letu walipiga vigelegele hadi askari akawaomba watoke nje. Mmoja alinivua viatu akavipeleka juu hewani kama bendera. Niliposhuka kwenye baraza nilikuwa pekupeku, nacheka, nalia, sijui lipi lilianza.

Anatole alikuwa anamngoja Mutambo chini ya ngazi.

"Baba Mutambo, siku nikikufa, batafute muimbaji mwingine. We utanimaliza mbele ya kaburi."

"Usihofu," Mutambo akasema. "Nitakuja kama avoka."

Walicheka wote wawili, na Anatole akanigeukia. Alipata shida kidogo kuanza.

"Shemeki, ngazi za michikichi zikiiva, nani atakukwelea kuzikata? Batoto yangu bako."

"Baje," nikamwambia. "Lakini baulize kwanza."

"Batauliza," akasema, na akanipa mkono.

Mutambo alisema nyimbo na sheria kwa miaka mingi baada ya siku ile, na alipata kesi kubwa kuliko yangu. Watu walitegemea atunge wimbo juu ya kesi ya michikichi. Hakutunga. Nilimwuliza sababu, akaniambia kwamba ule hauwezi kuwa wake, kwa kuwa mstari mzuri kuliko yote ulisemwa na mtu mwingine.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, wakati dereva anapiga honi na wenzangu wanapanda lori, kuna mtu alinigusa kiwiko. Alikuwa mama mrefu kutoka juu milimani, kwa wafugaji, fimbo mkononi, vumbi la safari ndefu kwenye pindo la nguo yake. Alijitaja jina: Mukarurangwa. Alisema kuna ng'ombe aliyeletewa siku ya kuolewa kwake, na sasa kuna watu wanasema ng'ombe yule na uzao wake si wake. Kesi yake ingeitwa jua likishageuka. Hakuwa na msemaji, na Kiswahili chake, alisema, kilikuwa kinamkimbia mbele ya wanaume.

Nilimtafuta Mutambo kwa macho. Alikuwa ameshaketi juu ya lori, kofia magotini. Alituona. Akageuza uso akaanza kuyatazama mawingu yaliyokuwa juu ya Fizi, kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuyahesabu.

Nikamwambia dereva aende.

Kisha nikamkalisha Mama Mukarurangwa kwenye kivuli cha baraza, nami nikakaa karibu yake.

"Siku ile ng'ombe alipoletwa," nikamwuliza, "nani alishika kamba?"

Akafikiri. Nikangoja.